Yule Bwana wa Asubuhi

Tik. Tik. Krrr. Kimya kidogo, kisha tena: tik, tik, krrr.

Bingwa alikuwa chini ya meza, magoti sakafuni, anapapasa skrubu iliyomponyoka, na kabla hajaona hata viatu vya aliyeingia alikuwa ameshajua ugonjwa. Mlio ule hauhitaji vipimo. Ni mlio wa diski ya zamani, ile ya kuzunguka, sindano yake inakwenda kutafuta njia, inaikosa, inarudi mwanzo, inakwenda tena.

"Aliyekuja na mahututi amlaze mezani," alisema kutoka huko chini. "Na asiizime! Narudia, asiizime!"

"Hiyo ndiyo salamu yenu siku hizi?"

Akainuka kwa pupa, kisogo kikagonga ukingo wa meza. Aliyesimama mlangoni alikuwa mama yake mdogo, kitinda mimba kwa upande wa mama, amekumbatia laptop iliyoviringishwa ndani ya foronya. Hakuwa ameifunga wala kuizima. Mwanga wa kioo ulipenya kitambaa ukamwangaza kidevu. Alikuwa ametembea nayo hivyo njia nzima, kwa hofu kwamba ikilala haitaamka.

"Shikamoo, mama mdogo. Nisamehe, nilidhani ni mteja."

"Marahaba. Na mteja ndiye huyu huyu."

"Karibu, mama," alidakia fundi saa, aliyekuwa anakodi nusu ya pili ya meza ile. Kioo cha kukuzia kilikuwa kimembana jichoni, na jicho la pili amelifumba, kwa hiyo hakuna aliyejua anamtazama nani. "Ila nikuonye mapema. Humu ndani mteja wa ukoo huhudumiwa wa mwisho na kulaumiwa wa kwanza."

"Wewe hesabu mishale yako," Bingwa alimjibu.

Jina la Bingwa alijipa mwenyewe. Alilipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango, na chini yake akaongeza: HAKUNA KINACHOSHINDIKANA. Watu walicheka, kisha wakazoea, maana kusema kweli kijana aliijua kazi. Hakukanyaga chuo. Alijifunza kwa kuharibu redio za kwao, halafu kompyuta za majirani, mpaka ikafika siku akawa anatengeneza zaidi kuliko alivyoharibu. Tangu hapo alitembea kifua mbele. Ukimsifu, anakubali. Ukimkosoa, mtagombana mpaka jua lichwe.

Aliifungua foronya polepole. Kwenye kioo palikuwa na mtu amevaa koti la kazi la kijivu, amegandishwa katikati ya neno, mdomo wazi, kidole juu.

"Amekwama hapo tangu asubuhi," mama mdogo alisema, na sauti ikamkwama yeye pia.

Bingwa hakuhitaji kuuliza ni nani. Ukoo mzima ulimjua yule bwana.

Mume wa mama mdogo alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka yake yote ya kazi alizunguka masokoni na sanduku la mawe ya kupimia, anawashtukiza wauzaji, anapima mizani zao, na ile iliyopunja anaibeba. Kazi ikamwingia mwilini. Hakumwamini mtu. Mkewe akimwambia mvua inanyesha, alitoa kwanza mkono dirishani. Kwa hiyo ugonjwa wa kusahau ulipoanza kumla, na daktari akamweleza bila kumung'unya maneno mambo yatakayokuja, alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akavaa koti lake la kazi, akajirekodi kwa kamera ya laptop. Alijua kwamba huko anakokwenda kuna mtu mmoja tu atakayemwamini.

"Wewe," ndivyo alivyoanza, na kidole juu. "Usibishe. Mimi ni wewe, ulipokuwa na akili zako. Huyo mwanamke aliyesimama pembeni ni mkeo. Hajakuibia kitu. Ukiona kitu hakipo, umekificha mwenyewe. Vidonge anavyokupa ni vyako, nimevikagua kimoja kimoja. Meza. Halafu nawa uso, ukae barazani. Usitoke getini. Kesho tutaonana."

Ikawa hivyo, kila asubuhi. Mwanzoni baba mdogo alijitambua kwenye kioo na kutikisa kichwa kwa huzuni. Baadaye hakujitambua tena. Yule wa kwenye kioo akawa mtu mwingine, rafiki, mgeni wa heshima anayekuja asubuhi kwa shughuli maalumu. Baba mdogo alimvalia shati la kola. "Yule bwana ni mtu wa maana," alimwambia mkewe. "Anasema kidogo, anaondoka. Ila hanywi chai, sijui kwa nini." Na vidonge alimeza, mbele ya yule bwana, kama askari.

Kabla ya kupatikana dawa hiyo ya kumezea dawa, mama mdogo alikuwa ameonja kila namna ya balaa. Aliviponda vidonge akavichanganya kwenye chakula. Mzee akakitema na kumwita muuaji. Siku asipomeza, degedege la watu wazima lilimwangusha, kichwa sakafuni. Na siku moja aliyopata mwanya wa kutoka getini alikutwa sokoni ananyang'anya watu mizani zao. Nani angejua kwamba ni mkaguzi mstaafu? Walimpiga kama mwizi. Kovu lilimbaki juu ya nyusi.

"Leo imekuwaje?" Bingwa aliuliza, huku kucha zake zimeshaanza kupekua skrubu za chini.

"Bwana alikwama pale anaposema sijaiba. Alisema 'haja', akaishia hapo. Baba yako mdogo akangoja amalize. Alipoona hamalizi, akanigeukia, akanitazama vile anavyotazama. 'Huyu bwana anaogopa kusema mbele yako,' akaniambia. 'Umemfanya nini?' Nikazima, nikawasha, nikaomba. Ikaenda mara moja mpaka mwisho, akameza. Baada ya hapo ikakwama tena, ikaanza kulia hivi." Akakaa kwenye stuli, mikono mapajani. "Mwanangu, mashine siitaki. Hata ukiitupa jalalani. Mimi namtaka yule bwana. Na namtaka kesho asubuhi."

"Mama mdogo, umekuja kwa nani?"

"Nilikuambia siku nyingi umtolee nakala."

"Ulisema, na mimi nikasema nitafanya. Leo ndiyo siku yenyewe. Tulia."

Aliitoa diski ya zamani, bado ya moto kiganjani, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, lile sanduku kubwa lililozoea kuhudumia wagonjwa wa kila aina na lenyewe halikuwa zima. Nafasi ndani yake ilikuwa imejaa vitu vya watu mpaka mlangoni. Kwa hiyo akafungua pakiti ya diski mpya, SSD, bapa, nyepesi, isiyo na kitu kinachozunguka ndani wala kinacholia.

"Hii ndiyo mtu mzima," alimwambia mama mdogo akimwekea kiganjani. "Hii haina sindano, haina mota. Ukiiangusha, inakucheka."

"Nyepesi hivi? Ina kitu ndani kweli?"

"Itakuwa nacho sasa hivi."

Akaiunga nayo, akaigawa vyumba viwili. Mafundi wa kompyuta wana desturi yao, na hakuna aliyeiandika popote: chumba cha kwanza ni cha mfumo, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine nzima, na cha pili ni cha mali ya mwenye mashine. Mashine ikiugua, unafuta cha kwanza, unapiga windo upya, cha pili hukigusi. Kupiga windo ndiko huko kuweka mfumo. Desturi hiyo ilikuwa imeokoa picha za harusi na vyeti vya watu wengi, na Bingwa aliiamini kuliko alivyoamini watu.

Kunakili kulikuwa mateso. Mstari wa kijani ulisogea, ukasimama, ukasogea. Diski ilipoanza kukoroma aliilaza ubavu, iliposimama aliipuliza, ilipokata tamaa aliichomoa, akaiacha ipoe, akairudisha. Fundi saa aliacha kazi yake akaja kusimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. Mama mdogo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza.

Mstari ukajaa.

Bingwa akafungua faili lile kutoka kwenye diski mpya. "Wewe," yule bwana alisema, kidole juu. "Usibishe." Akaenda mpaka mwisho bila kukwaruza, mpaka kwenye kesho tutaonana, na mama mdogo akajifuta macho kwa foronya.

Diski ya zamani ikatoa krrr moja ndefu, ikanyamaza. Bingwa aliitikisa, akaiweka sikioni. Mota ilikuwa imekata roho.

"Imekufa," alitangaza, na alicheka. "Imengoja mpaka imeshatoa urithi, ndipo imekufa. Diski ya kiungwana!"

Hapo ndipo mtu mwingine angesimama, akatafuta mahali pengine pa kumweka yule bwana, hata kama ni kwa kuomba kwa jirani. Wazo hilo lilimpitia Bingwa. Lakini flashi yake pekee yenye nafasi ya kutosha ndiyo iliyokuwa na mfumo wa kupiga, na kuifuta ili aje aipakue upya lilikuwa jambo la saa nyingi. Isitoshe, yule bwana alikuwa chumba cha pili. Chumba cha pili hakiguswi.

Akaifunga diski mpya ndani ya laptop, akachomeka flashi, akawasha.

"Sasa, mama mdogo, tazama. Hii itawaka kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Atulie huyo," fundi saa alisema, ameshapata roho ya mzaha. "Kompyuta ni saa iliyokwenda shule, basi. Mambo ni yale yale, betri na vumbi."

"Ni yale yale? Wewe kazi yako ni kubadili betri na kutikisa!"

"Natikisa, inakwenda. Wewe unatikisa, unamwambia mteja arudi kesho."

Mama mdogo alicheka, kicheko cha kwanza tangu aingie, na Bingwa akapata nguvu ya kuendelea. Mbele yake kwenye kioo palitokea ujumbe: diski hii imepangwa kwa mtindo wa zamani, mfumo hauwezi kuwekwa hapa. Ndivyo ilivyokuwa, aliipangia kwenye ile kompyuta kuukuu ya dukani, nayo haikujua mtindo mwingine. Laptop ilitaka mtindo mpya. Ni kikwazo cha kila siku. Dawa yake kila fundi anaijua kama anavyojua kufungua bomba: unaita ukurasa mweusi wa amri, unaichagua diski, unaandika neno moja fupi la kuisafisha, unaandika la kuibadili mtindo, unarudi. Vidole vya Bingwa vilikuwa vimefanya hivyo kwenye diski mpya, tupu, mara zisizo na idadi.

"Nikuambie kitu," alimwambia fundi saa, uso umemgeukia, vidole vinakwenda vyenyewe. "Tangu nianze kazi hii, picha ya mteja, hata moja, sijawahi kupoteza. Hata moja! Waulize."

"Hilo neno ulilobonyeza ni la nini?" mama mdogo aliuliza. Alipenda kujua mambo.

"La kusafisha, mama mdogo."

"Vizuri. Penye usafi mashine itadumu."

Akabonyeza endelea. Mfumo ukaichukua diski nzima, ukaipiga deki, ukaanza kujimwaga. Simu ya mama mdogo ikalia: jirani aliyemwachia mzee. Mzee ameanza kuulizia ufunguo wa geti. Mama mdogo akakunja foronya, akasimama.

"Nenda, mama mdogo. Nitaileta mwenyewe, imewaka, imenyooka."

"Ubarikiwe, mwanangu. Hujui ulichonifanyia leo."

Laptop ikawaka kweli, upesi kama alivyojigamba. Rangi safi, kioo cheupe. Bingwa akapiga mluzi. Akafungua mahali pa kuonyesha vyumba ili amsikilize yule bwana kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka.

Palikuwa na chumba kimoja.

Aliisoma tena. Alifunga, akafungua. Chumba kimoja, kikubwa, cheupe, chenye mfumo na nafasi tele. Mluzi ulimfia mdomoni. Vidole vyake vikakumbuka, kabla ya kichwa, neno gani viliandika wakati mdomo ukijisifu.

"Vipi?" fundi saa aliuliza.

Bingwa alikuwa ameshashika bisibisi. Aliitoa diski, akairudisha kwenye kompyuta ya dukani, akaita programu ya kufufua vilivyofutwa. Alishawahi kufufua. Kwenye diski za zamani kufuta kulikuwa kufuta ubaoni kwa kiganja: chaki inabaki, ukikaza macho unasoma. Alikuwa amewarudishia watu mambo waliyoyalilia, na wao wakamwita mchawi, na yeye akalipenda neno hilo. Lakini SSD si ubao. Ikiambiwa nafasi hii ni tupu, yenyewe kimyakimya inapita na kuisugua mpaka iwe tupu kweli, bila kuamriwa mara ya pili. Bingwa aliyajua hayo. Aliyajua kama mtu anavyojua kwamba kuna kifo.

Programu ilitafuta kutoka mwanzo wa diski mpaka mwisho. Ikaleta sufuri. Mistari na mistari ya sufuri.

Akatafuta tena kwa njia nyingine. Sufuri. Akamrudia marehemu, ile diski ya zamani: akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akaifunga kwenye plastiki akakimbia nayo kwa muuza vinywaji akamwomba aiweke kwenye jokofu, akairudisha ikitoa jasho la baridi, akaichomeka, akainamisha sikio. Hakusikia kitu. Yule aliyekereka na tik tik tangu asubuhi sasa angetoa jino lake kuisikia mara moja.

Akampigia simu fundi mkongwe aliyemwonyesha mwanzo wa kazi, mtu wa mji mwingine. Akaeleza. Upande wa pili palikuwa na kelele za karakana, kisha mlango ukafungwa.

"Uliisafisha?"

"Ndiyo."

"Halafu ukapiga windo juu yake?"

"Ndiyo."

"SSD?"

"Ndiyo, mzee."

Mkongwe akavuta pumzi. "Pole," alisema. Hilo tu. Mtu aliyekuwa na maneno ya kila kitu.

Fundi saa alikuwa ametoa kile kioo jichoni. Alivuta stuli yake karibu, akakaa tu pembeni. Bingwa aliona afadhali angemtania.

Mchana ulikuwa unaishia alipofika kwa mama mdogo. Geti lilikuwa na kufuli. Jirani alimfungulia, akamwonyesha uani. Mama mdogo alikuwa anaanika mashuka, vibanio vya nguo amevibana kwenye midomo, na alipomwona na laptop kwapani macho yake yalicheka juu ya vibanio. Sebuleni, kupitia dirisha, Bingwa aliona kimeza kimeshasogezwa mahali pake pa kila siku, kimefutwa vumbi.

"Mama mdogo, hayupo."

Akatoa kibanio kimoja, akabana shuka. "Nani hayupo? Baba yako mdogo yuko ndani."

"Yule bwana. Nimemfuta."

Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Alivishika mkononi, hakuvibana popote.

"Mrudishe."

"Harudishiki."

"Hata sauti yake tu?"

"Hata sauti."

"Si nilimwona? Nilikaa pale nikamsikia anasema, mpaka mwisho."

"Alikuwepo wakati ule. Nilimfuta baadaye. Ulikuwa bado umekaa."

Mama mdogo aliangalia mashuka yake. Bingwa alijiandaa kwa kofi, kwa kilio, kwa laana. Vyote angevipokea na angeshukuru. Lakini mwanamke yule alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama chumvi ipo, "Nikiwa nimekaa pale pale, nakuchekea." Kisha akaokota shuka lililokuwa limeanza kuteleza kwenye kamba.

Bingwa akamwaga maneno. Kwamba watarekodi upya. Sasa hivi. Baba mdogo yupo, sauti yake ipo, koti lipo, kamera ya laptop ni ile ile. Watamfundisha maneno, neno moja moja, yeye atayaunga, mbona kuunga ni kazi ndogo. Alisema kwa moto ule ule wa dukani, mikono inakata hewa, na mama mdogo akamwacha aseme. Mwishowe akajipangusa mikono kwenye gauni, akatangulia ndani.

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti chake, shati la kola, nywele zimechanwa kwa maji. Walimvisha koti la kijivu. Lilimpwaya sasa, mabega yalikuwa yameshuka ndani yake. Alikubali kuvishwa kwa adabu, kama mtu anayepimwa nguo ya mwingine.

"Baba mdogo," Bingwa alisema akipiga goti mbele yake, "sema hivi: Wewe, usibishe."

"Nimwambie nani?"

"Sema tu. Wewe, usibishe."

"Sina ugomvi na mtu, kijana."

"Basi sema: vidonge ni vyako, meza."

"Ni vya nani?" Macho yakaenda kwa mkewe, yakarudi. "Nani kasema nimeze?"

Bingwa akaona amwonyeshe. Akaigeuza laptop, akawasha kamera, na kwenye kioo akatokea mzee mwenye koti linalompwaya, kovu juu ya nyusi, mdomo unatetemeka. Baba mdogo akaruka nyuma, kiti kikakwaruza sakafu.

"Huyu nani? Huyu mzee nani? Nani kamruhusu kuingia?" Akanyoosha mkono, na yule wa kwenye kioo naye akanyoosha. "Ananitisha! Mtoeni! Amevaa koti la yule bwana! Kamfanya nini yule bwana?"

Bingwa akakifunga kifuniko kwa kishindo. Mama mdogo alikuwa ameshamshika mumewe mabega, anamwambia ametoka, ametoka, hayupo tena. Lakini mzee alimgeukia akamtazama yeye, yale macho ya kupima.

"Na wewe ni nani?" akamuuliza. "Unafanya nini nyumbani kwangu?"

"Mimi ni mkeo."

"Nani anasema?"

Mama mdogo hakuwa na mtu wa kumtaja. Akaachia mabega, akarudi nyuma hatua moja, akakaa kwenye ukingo wa kochi, mikono mapajani kama alivyokaa asubuhi kwenye stuli. Kwenye dirisha, nyuma yake, kopo la vidonge lilikuwa pale pale linapokaa siku zote, limefungwa. Bingwa alilitazama akaona asubuhi inayokuja, na inayofuata hiyo: mdomo uliofumbwa, geti, sakafu. Hakuna ufundi aliokuwa nao wa kuzuia hata moja. Aliinamisha kichwa. Alitamani mtu amtukane.

Hofu ya mzee ilimtoka kama ilivyomwingia, na chozi likabaki shavuni bila mwenyewe kujua lilitoka wapi. Akamwona kijana aliyepiga goti mbele yake. Akamshika mkono wa shati, taratibu.

"Kijana. Wewe unafanya kazi na yule bwana?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Amenikasirikia?"

"Hapana. Hata kidogo."

"Mimi sikumkosea kitu. Nikikosea huwa nasahau, lakini sidhani." Akashusha sauti ili yule mwanamke kwenye kochi asisikie. "Humu ndani simjui mtu. Yeye ndiye ninayemjua. Mwambie nimevaa shati. Mwambie nangoja."

"Nitamwambia."

"Atakuja kesho?"

Bingwa alimtafuta mama mdogo kwa macho. Mama mdogo alikuwa anatazama dirishani, mashuka yake yanapigwa na upepo uani, na hakugeuka. Vidole vya mzee vilikaza kwenye shati.

"Atakuja?"

"Atakuja, baba mdogo," Bingwa alisema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Kesho asubuhi, mapema, na hatachelewa. Nakuahidi."